Mgonjwa wa Chumba cha Kufulia

Katika miaka kumi na miwili ya ndoa, Tumpe hakuwa amemwambia baba mkwe wake neno hata moja, na wala hawakuwa na ugomvi. Ndivyo alivyolelewa. Kwao Rungwe mke wa mtu hakai chumba kimoja na baba wa mumewe, hamtazami usoni, hali naye, na jina lake halitamki hata kama ni la mtu mwingine kabisa. Siku hizi wengi wameiacha mila hiyo, hasa wa mjini, na wapo wanaokaa na wakwe zao kochi moja wakigombea rimoti. Lakini Tumpe alikuzwa na bibi yake, na bibi yake hakuwa mtu wa kugombea rimoti. Ofisini kwao Eagan, jimbo la Minnesota huko Marekani, kulikuwa na wanaume wawili wanaoitwa Alfred, na Tumpe aliwaita "yule bwana mrefu" na "yule bwana mwingine," kwa sababu baba yake Bernard naye ni Alfred. Wazungu walidhani ni mgumu wa kushika majina.

Mwezi wa pili Bernard akamleta baba yake Minnesota kwa miezi mitatu. Mzee alitoka Tukuyu na koti zito, jozi moja ya viatu vya ngozi, na wasiwasi juu ya ng'ombe wake watatu aliowaacha mikononi mwa mwanawe mdogo, Ambakisye. Bernard na Tumpe walikuwa wamepanga nusu ya nyumba huko Columbia Heights, vyumba viwili juu, na chini ya ardhi chumba kimoja kidogo kilichopakana na chumba cha kufulia. Mzee akapewa kile cha chini.

Utaratibu ukajipanga wenyewe. Tumpe alipika, na binti yao Wema, wa miaka kumi, akapeleka sahani. Tumpe akitaka kushuka kufua nguo, Wema anatangulia ngazini akisema, "Babu, Mama is coming," na mzee anafunga mlango wake mpaka nyayo zipite. Mzee akitaka kupanda kutazama televisheni, anakohoa mara mbili, na Tumpe anaingia jikoni, nyuma ya ukuta wenye uwazi wa kupitishia vyombo. Bernard, ambaye kila siku aliendesha gari hadi Burnsville na kurudi, alichoka kuwatazama.

"Nyie wawili mtakutana lini?" alimuuliza mkewe.

"Tunakutana kila siku," Tumpe akajibu. "Nani anampigia pasi mashati yake?"

Na ilikuwa kweli. Mashati yalishuka yamenyooka, sahani zilipanda zimeoshwa, na kila jioni Wema alileta salamu: "Babu anasema asante, chakula tamu." Kulikuwa na heshima kati ya watu wale wawili, na mimi naamini kulikuwa na mapenzi pia. Hakuna aliyedhani paka ndio wangekuja kuiharibu.

Paka walikuwa watatu. Bi Kizee, wa kijivu, waliachiwa na mpangaji aliyehama, na kazi yake ilikuwa kulala. Sajenti, dume jeusi lenye kichwa kikubwa, alikuwa wa Bernard. Tui, jike jeupe, alikuwa wa Wema. Wema alimwokota kwenye maegesho ya duka la vyakula akiwa kitoto cha paka, nyonga imevunjika kwa kugongwa na gari. Nyonga ilipona lakini iliunga vibaya, na daktari wa wanyama akawaambia wazi: paka huyu asishike mimba, njia yake ya uzazi imekuwa nyembamba, kuzaa kunaweza kumuua. Inabidi afungwe kizazi. Kliniki waliyoimudu ilikuwa na foleni ndefu, wakapewa Alhamisi moja ya mwezi wa tatu. Daktari akashauri Sajenti naye ahasiwe.

"Mwanaume mwenzangu siwezi kumfanyia hivyo," Bernard alisema. Wakacheka wote, na shauri likaishia hapo.

Jumamosi, siku kumi na mbili kabla ya tarehe, Tui akaanza kulia. Si kilio cha njaa. Kilikuwa kirefu, kizito, cha kutokea tumboni, na kikiisha kinaanza upya. Alijisugua kwenye miguu ya meza, akabingirika zuliani, halafu akaenda moja kwa moja mbele ya kiti alichokalia mzee, akalaza kifua chini, akainua makalio, akaweka mkia pembeni na kukanyagakanyaga kwa miguu ya nyuma. Tumpe aliona yote kupitia uwazi wa jikoni. Mbele ya baba mkwe! Alitamani ardhi ipasuke immeze. Mzee alimtazama paka, kisha akahamishia macho kwenye televisheni, ambako mwanamke alikuwa anatangaza sabuni, akamsikiliza kwa makini kuliko alivyowahi kusikiliza mahubiri.

Tumpe alipiga simu kliniki. Akaambiwa amtenganishe Tui na dume kwa milango, si kwa fimbo, na kwamba hali hiyo ingeweza kuchukua wiki nzima. Chumba pekee kisicho na zulia na chenye mlango wa kufunga sawasawa kilikuwa cha kufulia. Tui akahamishiwa huko na sanduku lake la mchanga, bakuli zake, na taulo lililotoka kwenye kikaushio likiwa na joto. Taulo jingine Tumpe alilibana chini ya mlango. Asubuhi na jioni alishuka, baada ya Wema kutangaza, akamchezesha Tui kwa kijiti chenye manyoya mpaka achoke, akambembeleza mgongoni, akapanda. Kilio kikaendelea. Sajenti hakula. Alilala mbele ya ule mlango wa chini kama askari wa zamu, na alipofukuzwa alikwenda kukojolea milango mingine, hata Tumpe akawa anatembea na chupa ya siki na kitambaa nyumba nzima. Bi Kizee alimfyonya kila mtu aliyepita.

Na mzee alikuwa anaishi mlango wa pili na kilio kile.

Jumapili, baada ya kanisa, akamuuliza mjukuu wake, "Huyu paka ana nini?"

Wema akapanda ngazi mbio. "Mom, Babu anauliza Tui ana nini."

Hapo ndipo pangeweza kumalizika kila kitu. Bernard alikuwa bafuni ananyoa ndevu, hatua kumi tu. Tumpe angeweza kumwambia, mshukie baba yako umweleze. Lakini hata hilo alilionea haya, kwa sababu mzee angejua kwamba maneno yametoka kwake, kwamba mkwe wake ameketi na kupanga sentensi kuhusu jike na dume kisha akamtumia. Bibi yake angesemaje?

"Mwambie Tui anaumwa," alisema. "Mwambie amepewa chumba apumzike."

"But she's not sick. You said she's..."

"Wema. Mwambie anaumwa."

Wema akashuka. Tumpe akamsikia akisema kwa Kiswahili chake cha kuchechemea, "Tui anaumwa, Babu. Anapumzika." Bernard alipotoka bafuni aliuliza kama mzee ameelezwa juu ya ule mlango, na Tumpe akasema ndiyo. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwa na baba mkwe chumba cha chini.

Jumanne wote walikwenda kazini, na Wema shuleni. Mzee alibaki na paka.

Tumpe alimpitia Wema shuleni, wakafika nyumbani saa kumi na moja jioni na kuingia kwa mlango wa jikoni. Kitu cha kwanza alichokisikia kilikuwa kimya. Akadhani Tui amechoka. Kisha akasikia sauti ya mzee sebuleni, yenye furaha, akiongea na Bernard aliyekuwa ndiyo kwanza anavua viatu.

"Mgonjwa wenu amepona."

"Mgonjwa gani, baba?"

"Yule mweupe. Wala hakuwa anaumwa. Mnyama akilia vile anataka dume, hakuna dawa nyingine. Nikasema nyie watu wa ofisini mtakuja kumpa vidonge bure, na siku zake zikipita ndiyo mmezikosa. Nimemfungulia saa nne asubuhi. Mpaka sasa hajalia tena."

Kupitia uwazi wa jikoni Tumpe alimwona Tui amelala juu ya kochi, amejikunja, ametulia. Sajenti alikuwa pembeni yake anajilamba.

Mzee alikuwa amefuga ng'ombe miaka hamsini. Kwake ng'ombe akianza kulia hivyo unamwongoza kwa dume siku hiyohiyo, hata kama kuna mvua, hata kama kuna msiba, kwa sababu ukichelewa umepoteza mwezi mzima na mwenye dume anakucheka. Aliona wanawe wamesoma sana wakasahau jambo dogo. Akawasaidia.

Bernard hakupiga kelele mara moja. Alikaa kwanza, akashika kichwa, halafu akaanza. Alimwambia baba yake kwamba paka yule ana nyonga mbovu, kwamba akizaa atakufa, kwamba wamekaa siku nne wakimfungia, na yeye kafungua mlango tu, kwa nini, nani kamwomba? Wema aliposikia neno atakufa alikimbilia sebuleni, akamkumbatia Tui na kulia. "She's going to die, Babu. You let him in."

Mzee alisimama. Kofia yake ilikuwa mkononi.

"Mimi niliambiwa anaumwa," alisema.

"Nani alikwambia anaumwa?" Bernard akauliza. "Mama Wema ameniambia ulielezwa kila kitu."

Wema akainua uso wake wenye machozi, akatazama jikoni, moja kwa moja kwa mama yake. Mdomo wake ulikuwa umeshafunguka. Na Tumpe, Mungu amsamehe, akatikisa kichwa. Kidogo tu, mara moja.

Wema akafunga mdomo.

Mzee hakugeuka kutazama jikoni, maana kuna mkwe huko. Lakini macho ya mtoto aliyaona yalikokwenda na yalikotoka. Akaigeuza kofia yake mara mbili mkononi.

"Labda nilisikia vibaya," alisema. "Masikio ya uzee haya. Nisameheni."

Akashuka ngazi taratibu, akishika ukuta. Jioni ile Wema alipeleka sahani bila kutumwa mara ya pili, na sahani ikarudi kama ilivyokwenda, imefunikwa vizuri kwa karatasi. Hakukuwa na salamu. Ukubwa ni jalala, tunasema, kila taka inatupwa kwa mkubwa. Tunalisema kama mzaha. Tumpe alikuwa amesimama na sahani ile mikononi, na mzaha hakuuona.

Kesho yake alipiga simu kliniki kutoka kwenye gari, ofisini kwao, amefunga vioo. Yule dada wa kliniki alicheka kwa upole. Akasema waje tu siku yao, wiki moja ya mimba si kitu, daktari ataondoa vyote kwa pamoja na paka hatajua. Kumbe hatari yote ile ilikuwa na dawa ya dakika tano za simu. Tumpe alimtumia Bernard ujumbe kwamba Tui atakuwa salama, na Bernard akajibu kwa alama ya mikono iliyofumbatwa. Tumpe akajiambia kwamba basi, limekwisha.

Halikuwa limekwisha, kwa sababu Bernard ni mtoto anayempenda baba yake, na mtoto anayempenda baba yake akishapata hofu haiachii. Akaanza kumchunguza mzee. Mzee akiweka miwani mahali na kuitafuta, Bernard anaandika moyoni. Mzee akimwita Wema kwa jina la shangazi yake, Bernard anaandika moyoni. Jumapili alimpigia Ambakisye simu akiwa amesimama karibu na friji, na Tumpe alikuwa kwenye sinki anaosha vyombo.

"Mzee ameanza kuchanganya mambo," Bernard alisema. "Unamwambia kitu, yeye anaelewa kingine kabisa. Tumemwambia usifungue mlango, kafungua. Halafu hakumbuki aliambiwa nini. Sasa fikiria, mdogo wangu, yuko peke yake kule mteremkoni na ng'ombe watatu. Siku moja tutaokota maiti."

Tumpe alikuwa na sahani mkononi. Sentensi moja tu ilihitajika, na alikuwa nayo mdomoni, tayari. Lakini sentensi ile ilikuwa na kamba ndefu nyuma yake. Angesema nilimtuma Wema na uongo, Bernard angeuliza kwa nini, angesema niliona haya, halafu Bernard angekumbuka jinsi alivyomfokea baba yake mbele ya mtoto na mkewe akiwa amesimama anasikiliza. Na Wema angeulizwa. Na Wema angesema, Mom alitikisa kichwa.

Akafungua bomba zaidi, maji yakapiga kelele. Ni maneno tu ya simu, akajiambia. Ndugu wanaongea.

Wema alibadilika wiki ile. Aliendelea kupeleka sahani, lakini aliacha kutangaza kwa sauti ngazini. Alishuka kimya, akakaa na babu yake muda mrefu, na akipanda alipita jikoni bila kumtazama mama yake. Mara moja Tumpe alimuuliza, "Babu anasemaje?"

"Nothing," Wema akajibu. "He doesn't tell me stuff for you anymore."

Alhamisi ikafika. Asubuhi Tumpe alipokuwa anamweka Tui kwenye kikapu chake, Bernard alitokea na kikapu cha pili. Ndani yake alikuwa Sajenti. Hakuna aliyemwomba, na yeye hakueleza. Jioni paka wote wawili walirudi wakiyumba kama walevi wa harusi, na daktari alisema mambo yamekwenda salama. Bernard alishuka kwa baba yake kumpa habari, akasema, "Yameisha, baba, usijilaumu." Tumpe aliisikia ile usijilaumu kutoka juu ya ngazi, ikamchoma kuliko matusi.

Ijumaa Bernard aliomba ruhusa kazini akampeleka baba yake kupimwa masikio. Mzee alikaa kwenye kijumba cha kioo, amevalishwa vidude masikioni, akainua mkono kila aliposikia mlio, kama mwanafunzi. Majibu yalikuwa mazuri. Kwa umri wake, walisema, anasikia vizuri ajabu.

"Basi si masikio," Bernard alimwambia mkewe usiku ule, akagusa paji lake la uso.

Tumpe aligeukia ukutani. Alikaa macho akihesabu tangu Jumanne ile, zikapatikana siku kumi, na kila siku kati ya zile ilikuwa na asubuhi na jioni, na katika kila mojawapo angeweza kusema.

Jumamosi, Ambakisye alipiga simu ya video. Bernard aliiegesha simu kwenye meza ya sebuleni, baba yake akasogea mbele ya kiti ili aonekane vizuri. Wema alikuwa zuliani na Tui aliyevalishwa shingoni ile kola kubwa ya kumzuia asijilambe mshono. Tumpe alikuwa jikoni anapika ndizi.

Walisalimiana kwa Kinyakyusa, wakaulizana mvua. Kisha Ambakisye akabadilisha sauti, ikawa ile ambayo watu huwasemeshea wagonjwa.

"Baba, mambo ya ng'ombe usiwe na wasiwasi nayo tena. Tumeshawaondoa pale. Ukirudi wewe ni kupumzika tu."

"Nani kasema nimechoka?" mzee akauliza.

"Tulizungumza, baba," Bernard akasema. "Mimi na mdogo wangu. Ni kwa usalama wako. Umri umekwenda, unasahau. Umeona mwenyewe mambo ya paka."

Tumpe aliacha mwiko ndani ya sufuria. Alisubiri mzee ajitetee. Alikuwa na haki yote, na ushahidi wote, na shahidi mwenyewe ameketi miguuni pake. Sentensi moja tu.

"Sawa," mzee akasema.

Neno lile Tumpe alilisikia mpaka miguuni. Akatoka. Hakujua kwamba anatoka mpaka alipokuwa ameshaupita ule ukuta, mikono ina utomvu wa ndizi, khanga imefungwa kiunoni tu, kichwa wazi. Mzee aliona kivuli cha mwanamke, akageuza uso dirishani haraka ili amsitiri. Tumpe akapiga magoti zuliani, kati ya meza na kiti cha mzee, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga mzee akiwepo.

"Baba alisikia sawasawa," alisema.

Bernard akamtazama kama anayemwona mtu mwingine.

"Niliyesema paka anaumwa ni mimi. Nilimtuma Wema akaseme hivyo. Baba hakuambiwa mlango usifunguliwe, hakuambiwa na mtu yeyote. Nilikudanganya na wewe. Paka alikuwa anataka dume, na mimi niliona haya kulisema." Akamgeukia mumewe. "Na ile siku ulipomfokea, Wema alitaka kusema. Nikamkataza. Nimesimama pale jikoni, nikamtikisia kichwa mtoto wangu. Baba aliona, akabeba yeye."

Wema alikuwa ameficha uso kwenye manyoya ya Tui. Bernard akamtazama baba yake.

"Baba, ni kweli? Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje?" mzee akasema, bado anatazama dirishani. "Niseme mke wako ni mwongo? Ndani ya nyumba yake?"

Tumpe aliinamisha kichwa. Alikuwa amefikiri kwamba akisema ataona nafuu. Hakuna nafuu iliyokuja. Aibu ilikuwa palepale, ila sasa ilikuwa na sura yake halisi, na haikuwa ya paka.

Kwenye simu, Ambakisye alikuwa amesahaulika. Akakohoa.

"Kaka," akaita. "Sasa hapo mimi nifanyeje?"

"Warudishe ng'ombe," Bernard akasema kwa ukali. "Leo."

"Wawili wako kwangu. Hao hata sasa hivi. Ila yule mwekundu..." Akasita. "Wa tatu sikuwa na mahali pa kumweka. Nilimuuza Jumatano. Kuna mtu wa Kiwira."

Jumatano. Bernard alisimama kwenye friji Jumapili. Tumpe alihesabu bila kutaka. Jumapili alifungua bomba, Jumatatu alikwenda kazini, Jumanne alikwenda kazini.

Mzee aligeuza uso kutoka dirishani. Hakumtazama Bernard, na hakuitazama simu. Alitazama zulia karibu na magoti ya mkwe wake, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili maneno yake hayakupitia kwa mtu.

"Mama Wema. Muulize, huyo aliyemnunua anajua kwamba ana mimba ya miezi saba?"

Tumpe aliichukua simu mezani. Ambakisye alikuwa amesikia, lakini hakuna aliyejali. Swali lilikuwa limetumwa kwake, na alilifikisha.

"Shemeji, baba anauliza, huyo mtu anajua kwamba ng'ombe ana mimba ya miezi saba?"

"Sisi wenyewe hatukujua," Ambakisye akasema.

Bernard akakaa.

"Mwambie aende Kiwira," mzee akasema. "Huyo mtu akikataa kumrudisha, basi, kanunua. Lakini aambiwe. Asimpitishe mteremko wenye utelezi. Asimpige. Mara ya kwanza ndama alikaa vibaya, tulimgeuza kwa mkono, mimi na marehemu mama yenu. Amwite mtu anayejua mapema, asisubiri chupa ipasuke."

Tumpe aliyasema yote, moja baada ya jingine, akingoja Ambakisye ayaandike. Akataja mimba, akataja kuzaa, akataja mkono ulioingia kumgeuza ndama, mbele ya baba mkwe wake na kwa sauti ya kusikika. Pale aliposahau, alimuuliza, "Baba, umesema mteremko upi?" na mzee akamweleza. Ambakisye akasema anachukua pikipiki sasa hivi. Simu ikakatika.

Harufu ya kuungua ilikuwa imeshafika sebuleni.

"Ndizi zako," mzee akasema taratibu, akimfungulia njia ya kurudi nyuma ya ukuta wake.

"Ziungue, baba," Tumpe akasema, na hakunyanyuka.